Mwita Ndege Hashiki Kombeo

Mwita ndege hashiki kombeo. Mmelisikia sasa hivi. Mama yule mwenye gunia la bluu kamwambia Kandonga mwenye mashine ya kukoboa, na Kandonga kanuna. Mnaniuliza limetoka wapi. Limetoka kinywani mwangu mimi. Msinitazame hivyo, hata mimi niliwahi kuwa na akili. Umeme umekatika, mpunga wetu uko kwenye foleni na hauendi popote, basi nisogezeeni lile debe nikalie, niwaeleze neno hili lilivyozaliwa.

Mume wangu, Asegelile Mwalyego, wengi wenu mlimkuta mzee wa kushika fimbo. Mimi namsema wa zamani, kijana mwenye mabega. Katika Lyambogo nzima hakuna aliyemfikia kwa kombeo. Alianza akiwa na miaka mitano, alipopandishwa kwenye dungu kuamia ndege katika mpunga wa baba yake, kuwafukuza wasile punje. Tangu siku hiyo kombeo halikumtoka. Alilisuka mwenyewe kwa katani, akalivaa shingoni kama wenzake wanavyovaa tai. Nilipomkataza kwenda nalo kanisani akawa analikunja na kulitia mfukoni. Likilia paa, ndege wa ng'ambo ya mfereji waliruka kabla bonge la udongo halijafika. Alijisifu, na haki ya kujisifu alikuwa nayo.

Mwaka mmoja, tulipokwisha kuvuna, wakaja watu wa chama cha kutunza ndege. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mpole aliyeitwa Felista, mwenye pikipiki na darubini. Alitwambia kinamasi chote cha bondeni kimegeuka mashamba, kwa hiyo kiangazi kikiingia ndege wa maji, akina yangeyange, kwarara, bata na korongo, hawana pa kutua. Chama chake kingewalipa wakulima wajaze maji kwenye majaruba yao ya mpunga baada ya mavuno na kuyaacha yamejaa miezi mitatu ya baridi.

Watu walicheka, mwanangu, hata mwenyekiti aliyepaswa kuwanyamazisha alicheka. Sisi tuliozaliwa tukifukuza ndege, leo tulipwe kuwakaribisha! Mzee mmoja akauliza kama ndege nao watatoa mchango wa kusafisha mfereji.

Felista akangoja kicheko kiishe. Akasema ndege wale si kwelea kwelea, punje hawana habari nazo. Wanakula konokono, viwavi na vyura, na kinyesi chao hubaki kwenye tope kikawa mbolea. Kisha akataja masharti. La kwanza, kaya zote kumi na mbili za mfereji wetu zijaze pamoja, kwa kuwa maji hushuka kutoka jaruba moja hadi la chini yake, na mmoja akitoboa kingo wote wanakauka. La pili, baada ya wiki tano angerudi kutazama. Akikuta ndege, wote wanalipwa. Asipokuta hata mmoja, halipwi mtu, naye anahamia kijiji kingine.

Hapo kicheko kikaisha kweli, maana sisi baada ya mpunga tulikuwa tunapanda choroko kwenye tope lile lile kabla halijakauka. Kujaza maji ni kuiacha choroko. Luhende, jirani yetu wa jaruba la chini, akasema waziwazi kwamba yeye hawezi kulisha watoto wake kwa ahadi za ndege.

Mume wangu akasimama. Akasema yeye ndege anawajua kuliko wanaume wale wanavyowajua wake zao, na akiwaita watakuja. Na wasipokuja, jaruba lake la mdomoni mwa mfereji wenzake watalilima misimu mitatu wagawane mavuno.

Mnajua maana yake? Jaruba lile aliachiwa na baba yake. Ndilo lililokuwa la kwanza kunywa maji na la mwisho kukauka, na ndilo lililotulisha sisi na watoto sita. Mengine tuliyokuwa nayo ni vijipande vya kufugia vyura. Hakuniuliza, hakunikonyeza, alisimama tu akalitoa mbele za watu. Nilimwangalia mpaka akainamisha macho. Lakini neno lilikwisha kutoka, na wale kumi na mmoja wakakubali, Luhende wa mwisho.

Maji yakafunguliwa. Kwa wiki moja majaruba yalijaa yote, mbingu ikaonekana chini, na mume wangu akatembea juu ya kingo kifua mbele. Ndege wakaanza kupita. Walikuja kwa makundi, wakazunguka mara mbili, wakaondoka. Wiki ya pili vivyo hivyo. Akasema maji ni mengi mno, akayapunguza. Wiki ya tatu akasema ni machache, akayaongeza. Akalaumu mabua, tukaenda sote kuyalaza mabua. Akalaumu mbwa wa Luhende. Wiki ya nne nikamkuta Luhende ndani ya jaruba letu, suruali kaikunja magotini, anahesabu hatua kutoka kingo hadi kingo. Aliponiona akanisalimia vizuri tu. Nilijifungia ndani nikalia, sitawaficha.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo sijawaambia. Kwenye kona ya jaruba lile, pale palipoinuka, palikuwa na mpunga wangu. Kwetu mwanamke anapewa kona, na kinachotoka kwenye kona ni chake. Mume hakigusi wala hakiulizi. Mwaka ule nilikuwa nikimuuguza mama yangu, nikachelewa kupandikiza. Wenzangu walipokata wao, wangu ulikuwa ungali na maziwa, punje hazijakomaa. Na mpunga ukibaki peke yake bonde zima, kwelea wote wa dunia wanaijua njia. Kwa hiyo mume wangu aliamka kila alfajiri kwenda kuulinda. Mimi sikumtuma. Alifanya kwa mapenzi, na labda kwa kutaka nimsamehe.

Siku kama nne kabla ya Felista kurudi nilimpelekea uji. Jua lilikuwa limeshachomoza. Nilipofika kwenye kingo ya kwanza nikaona yangeyange wanashuka, wengi, na nyuma yao bata. Walikuwa wamekwisha kunyoosha miguu waguse maji. Nikasimama na chungu changu kichwani, nisiwashtue. Mara kule konani kwelea wakatua kwenye mpunga wangu, na mume wangu, bila hata kufikiri, mkono ukapanda, kombeo likazunguka. Paa! Kwelea wakaruka. Na wale weupe wakakunja miguu yao, wakapanda juu, wakaenda zao, bata nyuma yao.

Akageuka akaniona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyedhulumiwa.

"Umewaona mwenyewe, Mama Lugano," akasema. "Wanakuja, hawakai. Ndege wa mwaka huu wana kiburi."

Nikautua uji chini. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga, yote mawili.

"Baba Lugano, mkononi umeshika nini?"

"Kombeo."

"Na wiki nne hizi unamwita nani?"

Akalitazama lile kombeo kana kwamba kuna mtu kamwekea mkononi akiwa usingizini.

"Mwita ndege hashiki kombeo, mume wangu," nikamwambia.

Hivyo tu. Sikulitunga, lilitoka lenyewe kama kikohozi.

Alikaa chini juu ya kingo iliyolowa. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeizoea, "Na mpunga wako? Nikiliweka chini, kesho jioni hakuna suke."

"Mpunga wangu niachie mimi," nikasema.

Nilisema kwa ujasiri, lakini roho iliniuma. Mwaka mzima ule, kati ya mama kuumwa na watoto, kona ile ndiyo kitu pekee nilichokifanya kwa mikono yangu nikakiona kinasimama. Hata hivyo kona ni kona, na jaruba ni jaruba. Nikaenda kuwaita wanawake wanne, tukashika mundu, tukaukata mbichi siku ile ile. Nilipokosa kamba ya kufungia mzigo nikamnyooshea mume wangu mkono. Akaelewa. Akanipa kombeo, nikafunga nalo masuke yangu, nikabeba kichwani mpaka nyumbani.

Mpunga mbichi mnajua unavyofanywa. Tulikaanga, tukatwanga ungali moto, tukapeta, tukapata pepeta laini ya kijani, nyungo tatu zimejaa. Nikawapelekea kaya zote kumi na moja. Kwa Luhende nilipeleka bakuli lililojaa kuliko yote, ili ashindwe la kusema.

Kazi ngumu ikawa kumlinda mume wangu. Mkono wake haukuzoea kukaa bure. Ndege yeyote akipita juu ya nyumba, bega lilishtuka. Nilimpa mahindi apukuchue, nilimpa mlango autengeneze, na bado siku ya pili nikamkamata nyuma ya zizi anasuka katani. Nikaichukua hiyo nayo. Hakuenda shambani, wala hakuruhusu mtu kwenda. Mbwa wa Luhende alifungwa.

Siku ya tatu jioni Lugano wangu akaja akikimbia kutoka njia ya mfereji, akasema kuna kwarara mmoja majini anatembea polepole na kuchokoa tope. Mume wangu akaniangalia, nami nikamwambia akae. Akakaa. Usiku huo hakula.

Siku ya nne Felista akaja na pikipiki yake. Aliizima mbali, akatuomba twende kwa miguu, tusiseme. Tulikwenda kaya zote kumi na mbili, tukainama nyuma ya tuta la mfereji. Wajukuu zangu, jaruba letu lilikuwa jeupe. Yangeyange walisimama tangu kwetu hadi kwa Luhende, bata wakielea katikati yao, na korongo wawili warefu walikuwa pale pale konani nilipokata mpunga wangu, wakila konokono. Felista alikuwa na darubini lakini aliisahau shingoni.

Mume wangu alikuwa analia, na hakujificha. Luhende alimsogelea. Kisha akamnong'oneza kwamba jaruba lile amelipima, ni hatua tisini na mbili, na kwamba hatua zote tisini na mbili ni za Mwalyego. Akaniuliza kama pepeta imebaki.

Malipo yalitoka, kila kaya ikapata yake, na mwaka uliofuata hakuna aliyecheka. Tope lilikuwa laini hata jembe lilizama lenyewe. Jaruba likabaki letu. Mpunga ule ulio kwenye magunia yangu matatu pale mlangoni umetoka humo humo.

Enhe, wewe Enesia unataka kujua kombeo lilikwenda wapi. Lilikaa kwenye kenchi ya paa la nyumba yangu, limefungwa fundo. Masika ikapita, mpunga ukavimba, kwelea wakaingia bondeni kama kawaida yao. Mume wangu akaja kusimama mlangoni. Aliliangalia tu pale juu. Nikapanda juu ya kinu, nikalishusha, nikamvisha shingoni kwa mikono yangu.

"Nenda," nikamwambia. "Hawa hukuwaita."

Watu wengi wanaolisema neno hili siku hizi sehemu hiyo hawaijui. Wanadhani nilimkataza kombeo. Kombeo lilitulinda miaka yote, na yeye alikufa analo chini ya mto wake. Nilimwambia tu ajue amemwita nani, na akishamwita, aangalie mkono wake umeshika nini.

Haya, naona taa imewaka. Kandonga huyo anakuja, yule yule aliyeandika ukutani kwamba wateja wote wanakaribishwa, kisha tangu asubuhi anawafokea mpaka wawili wamebeba magunia yao kwenda kwa jirani. Alikuwa anasikiliza muda wote, mjinga huyu, nimemwona. Tazameni, anabeba gunia la bluu la yule mama mwenyewe, na anamwambia samahani mama, tuanze na wewe. Katika hadithi yangu sikumtaja jina wala sikumtukana. Nimesema tu habari za mume wangu: mwita ndege hashiki kombeo.