Bwawa la Koo Tano

Mtu mmoja aitwaye Senkondo alikuwa na shamba la mahindi chini kabisa ya mlima. Zamani babu yake na majirani wanne walijenga bwawa la kukinga maji ya kijito. Kila ukoo ulileta jiwe lake kubwa, wakayapanga yakabana, kisha wakaapa kuwa kitu kimoja. Namna ya kuingia waliipanga vizuri. Namna ya kutoka hakuna aliyeitaja, maana siku ya harusi nani huzungumzia talaka?

Zamu ya maji ilianzia juu. Ilipomfikia Senkondo, bwawani palikuwa na tope. Alilalamika kikaoni, wakamwambia avute subira. Alivuta misimu sita, ndugu zangu, na subira nayo huchoka. Msimu wa saba mahindi yake yalikauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mkewe, Nakiete, aliyang'oa akawapa mbuzi.

Senkondo akarudi kikaoni, safari hii hakulalamika. "Mimi natoka," akasema. "Nipeni jiwe la babu yangu nikajenge kwangu."

Wengi wakasema kiapo hakivunjwi, na ukuta ukitolewa jiwe moja hausimami. Wachache wakasema mtu hafungwi na kiapo alichoapa babu yake. Hoja hizi nimezisikia tangu ujana wangu. Zote zina ukweli ndani yake, na zote zimenichosha.

Kikao kikaamua kuweka walinzi ukutani, watu wanane wenye fimbo, kutwa nzima. Watu wa kulinda jiwe walipatikana. Wa kukaa saa moja wakaipanga upya zamu ya maji hawakupatikana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Senkondo alikuja na mtaimbo na wanawe wawili. Wakavutana na walinzi, huku wanasukuma, huku wanazuia, mpaka jiwe likachomoka. Ukuta ukafuata. Maji yote yakateremka mara moja, yakapita shambani kwa Senkondo, yakaondoka na udongo mpaka kwenye mwamba. Koo nne za juu zikabaki zinatazama shimo kavu.

Mnaniuliza kila mara kama Senkondo alikuwa na haki ya kutoka. Nami nawauliza ninyi mnaokaa upande wa juu wa kijito: katika ile misimu sita, nani kati yenu alimpa sababu ya kubaki?