Kwa Nini Mlembe Ana Manyoya Meupe Mkiani

Hebu fumbeni macho, wanangu, muuone mti mkubwa wenye masega ya asali yanayoning'inia chini kabisa, hata mtoto anayetambaa angeyafikia. Nyuki wanapita juu ya vichwa vyenu wala hawaumi. Ni jioni, kuna kaubaridi kidogo, na katikati ya miti mnasikia nyayo za Mungu akitembea. Mumbua, nakuona. Lifunge na hilo jicho la pili.

Hivyo ndivyo bustani ya kwanza ilivyokuwa. Mungu alikuwa amemaliza kuumba, na kila kiumbe kilijua kazi yake. Chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa, alitembelea maua. Kigong'ota aligonga miti yenye wadudu. Jogoo aliamsha wenzake. Ni mlembe tu aliyekuwa hana la kufanya. Alikuwa wa rangi ya majivu, na sauti yake ilikuwa kama kiberiti kinachotikiswa. Alijua kitu kimoja tu: mahali nyuki walipoweka asali. Lakini katika bustani ile, nani alihitaji kuonyeshwa asali?

Jioni moja akamwendea Mungu. "Bwana, mimi uliniumbia nini?"

Mungu akamweka kiganjani, akapitisha kidole mkiani mwake, upande huu na upande huu. Palipoguswa pakawa peupe. "Kazi yako ninayo," akasema. "Siku yake haijafika. Kaa karibu nami."

Ndege wengine waliposikia, walicheka mpaka matawi yakatikisika. "Ndugu yangu," chozi akamwambia, "wenzako tumepakwa rangi kifuani, wewe umepakwa nyuma! Utaiona lini, ukiruka kinyumenyume?"

Mlembe alijaribu kugeuka ayatazame manyoya yale, na kila alipogeuka, mkia nao uligeuka. Akaacha. Alikaa karibu na Mungu kama alivyoambiwa, jioni baada ya jioni, na kwa kweli alizipenda sana jioni zile.

Kisha ikaja asubuhi ya huzuni ambayo nyote mnaijua. Mwanamume na mwanamke wa kwanza hawakumtii Mungu, wakatolewa bustanini. Mlembe aliwaona wakienda mikono mitupu, wakigeuka nyuma mara kwa mara.

"Siku yako imefika," Mungu akamwambia. "Wafuate."

"Niiache bustani, Bwana? Nikuache na wewe?"

"Hata huko nje nipo. Wao ndio watakaosahau."

Mlembe akaruka juu ya lango, asirudi tena.

Huko nje ardhi ilikuwa ngumu na yenye miiba. Watu wale walipata mtoto wa kike, nasi huku Ukambani twamwita Nzilani, maana alizaliwa njiani. Nzilani alikua akila mizizi michungu na matunda ya porini yanayokaza ulimi. Kila siku mama yake alimsimulia habari za bustani, na jinsi Aliyewaumba alivyokuwa mwema.

"Mama, utamu ukoje?" aliuliza siku moja.

Mama akafungua kinywa aeleze, akakosa neno. Miaka ilikuwa imepita, na ulimi wake mwenyewe ulikuwa umeanza kusahau.

"Basi hizo ni hadithi zako tu," mtoto akasema.

Mama aligeuka ili machozi yake yasionekane. Aliona wazi kwamba yeye na mumewe wakishaondoka duniani, hapatakuwa na mtu wa kuamini kwamba dunia hii ilitoka kwenye mkono mwema.

Mara mlembe, aliyekuwa akiwafuata miaka yote hiyo akitafuta nyuki, akatua mbele yao, akalia kwa nguvu zake zote.

"Kelele gani hizi!" mama akasema, akaokota jiwe. Lakini ndege yule aliruka kidogo, akangoja, akaruka tena. Katika vichaka vile vya rangi ya majivu, mwili wake haukuonekana kabisa.

"Mama, weka hilo jiwe! Tazama mkia wake!"

Manyoya meupe yalikuwa yakimulika miibani. Wakayafuata mpaka penye mti mkavu uliokuwa na shimo linalovuma. Mdomo mdogo wa mlembe haungeweza kuupasua mti ule. Baba alikuja na kijinga cha moto, akawatuliza nyuki kwa moshi, akatoa sega.

Nzilani alilamba kidole. Akakilamba tena, polepole.

"Mama," akasema, "kumbe ilikuwa kweli."

Mama alilia, safari hii bila kujificha. Akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akakata kipande cha sega, akakiweka juu ya jani kwa ajili ya ndege. Na mlembe, akiidonoa ile nta, akaelewa kwa nini hakuwahi kuyaona manyoya yake. Hayakuwa yake kuyaona. Yalikuwa ya wanaomfuata.

Na tangu siku hiyo mlembe ana weupe mkiani, huwaita watu kwenye asali, na warina asali wa kwetu hawali kabla hawajamwekea sega lake. Babu yangu Mulwa alikuwa akivua kofia kwanza, akamshukuru Mungu, nami ndiye niliyeshika jani. Bado nausikia moshi ule puani. Siku hizi utamu unauzwa dukani ndani ya pakiti, na ni watoto wachache wanaoijua sauti ya mlembe.

Sasa fumbueni macho. Nina ombi moja tu: siku mtakapoonja asali, kabla hamjalamba vidole, mlikumbuke lile jani.