Gauni la Sultani Feruzi

Hapo zamani, katika mji wa Mwambani, palikuwa na Sultani aliyeitwa Feruzi, na baraza lake lilikuwa na ada moja: kila neno alilolitamka, wakuu wote waliliitikia vilevile lilivyotoka kinywani mwake. Akisema, "Joto leo," wataitikia, "Joto leo!" Akipiga chafya, nao watapiga. Basi ikawa Sultani amezoea kuisikia sauti yake ikimrudia imenenepa, akaamini kwamba hakosei.

Ikaja habari kuwa Ijumaa angefika balozi wa Malkia wa Waingereza. Sultani akaandika kwa mkono wake hotuba ya Kiingereza ya kumsifu mama yake, Bi Kubwa, akampa karani wake Hatibu aipambe kwa mwandiko mzuri. Sasa, Waingereza wana yeye mbili: ya mwanamume ni "hi", ya mwanamke ni "shi". Sultani, kama sisi sote ambao yeye yetu ni moja, alimwita mama yake "hi" toka mwanzo hata mwisho. Naye Hatibu, kwa mazoea ya kazi, akapiga mstari mwekundu chini ya kila moja.

"Umempaka mama yangu wino!" akanguruma Sultani.

"Umempaka mama yangu wino!" likaitikia baraza.

Hatibu akaeleza habari ya hi na shi mpaka koo likamkauka. "Yeye ni yeye!" akasema Sultani. Basi akatiwa gerezani, ikaamriwa kwamba balozi akiondoka, Hatibu apelekwe kisiwani asirudi tena, kwa kosa la kumsahihisha Sultani.

Mkewe Hatibu aliitwa Tumu, muuza mihogo ya kuchoma, asiye na kitu ila jiko lake. Watu walimwita punguani, kwa sababu aliyashika maneno kama yalivyosemwa. Ukimwambia ngoja kidogo, atakuuliza kidogo gani. Akajifunga kanga akaenda barazani.

"Maulana, mume wangu aliliona kosa. Nihurumie."

Sultani, ambaye wasiwasi ulikuwa umeanza kumtafuna, akacheka kwa kejeli. "Kama kosa lipo, liondoe wewe! Lakini neno langu usiliguse hata moja, wala mtu asinisahihishe. Ukiweza, mchukue mumeo."

Tumu akafikiri. "Na maneno ya watu wengine, Maulana, naweza kuyagusa?"

"Hayo hata uyaoshe uyaanike!"

"Hata uyaoshe uyaanike!" likaitikia baraza.

Basi Tumu akatoka moja kwa moja mpaka kwa mpiga mbiu, akamweleza ruhusa ya Sultani, naye akazunguka mitaa yote akitangaza: mgeni akija, kila mtu na amwite kila mtu "hi", ndiyo heshima ya Mwambani.

Ijumaa balozi akashuka, mtu mpole mwenye masharubu, aliyeogopa mno kuwakosea adabu wenyeji. Sokoni muuza samaki akamwonyesha binti yake: "Hi!" Mchukuzi akamwonyesha mkewe mjamzito: "Hi!" Bibi mmoja akajipiga kifua: "Hi!" Balozi akamuuliza mkalimani, akaambiwa ndiyo heshima ya hapa. Akafuta jasho, akaapa moyoni kutolisahau jambo hilo.

Barazani Sultani akasoma hotuba yake, hi kwa hi, na baraza likaitikia hi kwa hi. Balozi hata hakukunja uso. Tumu, amejibanza mlangoni, akaona Sultani anavimba kwa fahari. Mawazoni alikwisha kumwona Hatibu ndani ya mashua ya kisiwani.

Kisha balozi akasimama na zawadi za Malkia, upanga wa dhahabu na gauni la hariri lenye marinda. "Upanga ni wa hi," akasema kwa adabu kuu, "na gauni ni la hi."

Mkalimani akatafsiri: "Upanga ni wake, na gauni ni lake."

Watumishi wakatazamana. Kwa kuwa Bi Kubwa ndiye aliyekaa karibu, wakampa upanga. Kisha wakamvika Sultani gauni.

Likambana kwapani. Balozi akapiga makofi, na wakuu wote, kwa ada yao, wakaanza kutafuta kitu cha marinda cha kujivika.

"Siyo!" akafoka Sultani akipigana na mikono ya gauni. "Gauni ni la shi! Shi! Mama yangu ni shi!"

"Mama yangu ni shi!" likanguruma baraza zima.

Tumu akapiga magoti. "Maulana, kosa limetoka, na neno lako sikuligusa. Ila kuna mtu amemsahihisha Sultani, nami namwogopea. Gerezani, mkeka wa mume wangu unatosha wawili."

Sultani akajitazama, hariri mpaka vifundoni. Kicheko kikamtoka hata mshono ukapasuka, na baraza likacheka, na safari hii hapana aliyengoja kuitikia.

Hatibu akatolewa, akarudishiwa kalamu yake na wino mwekundu mpya. Tumu akatunukiwa lile gauni, akalipasua akapata mapazia.

"Na upanga wangu, mama?" akauliza Sultani.

Bi Kubwa akauweka mapajani. "Amepewa hi," akasema. "Na hotuba yako nimeisikia."