Kwa Nini Kaa wa Matopeni Hupunga Gando Moja

Enzi ambazo hata babu zetu walizisikia tu, kaa mdogo wa matopeni alikuwa na magando mawili yaliyolingana, tena alikuwa na sauti. Alivihitaji vyote, maana alikuwa mwalimu. Darasa lake lilikuwa kwenye mikoko, mto unapokutana na bahari, na wanafunzi wake walikuwa samaki waliokwisha kubaleghe, umri ambao kila mtu hudhani hana la kuambiwa.

Somo lenyewe halikuwa refu. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi huyafanya mazito. Kwa hiyo bahari ikijaa haiingii mtoni kwa juu. Hunyemelea chini, na maji matamu huelea juu yake. Samaki wa mto akishuka wakati huo, chumvi humnyonya maji ya mwilini hadi afe. Basi.

Awali somo hili lilifundishwa na mke wa Kaa, naye alisikilizwa. Msimu uliopita yangeyange alimdonoa akaruka naye. Kesho yake Kaa alisimama mahali pa mkewe, akaendelea pale alipoishia.

"Maji yapi mazito?" aliuliza.

"Ya alfajiri, mwalimu!" alijibu Changu, kijana wa baharini. "Kuyaamkia ndiyo kazi!"

Darasa likaangua kicheko. Kaa akavuta pumzi, akaanza upya, kama alivyoanza upya jana na juzi.

Kambale, kijana wa mtoni mwenye kichwa kipana, akatikisa sharubu. "Mwalimu, maji ni maji. Kwani kuna yasiyolowesha?"

"Yote yanalowesha," alisema Kaa. "Mengine yanakuua."

"Pole, marehemu!" Changu akamtania mwenzake.

Kambale hakupenda kuchekwa. Bahari ilikuwa imeanza kujaa, naye akageuza kichwa akazama hadi chini, ili wote waone.

"Rudi juu! Juu, nimesema!" Kaa alipiga kelele hadi sauti ikapasuka. Kutoka chini yalipanda mapovu machache, kisha hayakupanda tena.

Kaa akashika mzizi wa mkoko kwa gando moja, akalitumbukiza la pili, akanasa sharubu. Kambale alikuwa mzito na maji yalikuwa yakimvuta. Lakini Kaa alikwisha kuona mmoja akichukuliwa mbele ya macho yake. Wa pili hakumkubali. Akavuta, na gando lililovuta likatanuka, likavimba, hadi likakaribia ukubwa wa mwili wake. Kambale akaibuka kwenye maji matamu, akitweta.

Kisha Changu akauliza, "Mwalimu, na hili litatoka kwenye mtihani?"

Kaa akafungua kinywa amjibu. Sauti haikuwepo. Akainua lile gando kubwa, akawapungia: juu, juu.

Na tangu siku hiyo, kila maji yanapokupwa, kaa dume wa matopeni hutoka shimoni na kupunga gando lake kubwa, ambalo halimfai hata kwa kula. Tonge hupeleka kinywani kwa lile dogo. Hupunga bila kuchoka. Bahari ikianza kurudi, huingia shimoni na kuziba mlango kwa tope, kwa sababu ambaye hajaelewa kufikia hapo hataelewa leo.