Povu Kwenye Unga wa Jirani

Wapendwa, naona wengine mmeanza kuangalia saa. Vumilieni kidogo. Leo nina jambo limenikaa kooni, na nisipolisema nitalala nalo.

Kulikuwa na mama mmoja, mtu wa kanisa kabisa, kwaya yumo, vikundi yumo. Siku moja kikundi chao cha akina mama kikamwita mwalimu awafundishe kutengeneza sabuni za vipande. Kipande cha kuogea, kipande cha kuoshea nywele, mpaka mafuta ya kujipaka yaliyogandishwa kwa nta, vyote vimefungwa kwa jani kavu la mgomba. Hakuna chupa, hakuna nailoni. Kikiisha kimeisha, hakiachi taka nyuma. Mwisho mwalimu akasema, "Lakini nyumbani malizeni kwanza mlivyo navyo. Chupa yenye kitu ndani bado si taka." Yule mama hakusikia. Alishainuka zamani, anachagua vipande vya kubeba.

Akafika nyumbani amewaka moto. Hata viatu hakuvua, moja kwa moja bafuni. Shampuu ya binti, losheni ya mume, sabuni ya maji ya kunawia, zote ndani ya kiroba. Nyingine zilikuwa hazijafika hata nusu.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, akaja akasimama mlangoni. Akaiona na chupa yake kubwa ya kijani inakwenda, ile ambayo pampu yake ilivunjika, naye akaifunga mdomo kwa kipande cha kanga.

"Mwanangu, hiyo ina kitu ndani. Niachie niimalize."

"Mama, nyumba hii tumeachana na plastiki. Kuanzia leo!"

"Haya, tumeachana nayo. Sasa inakwenda wapi?"

Yule mama akakereka! Siku zote ndivyo walivyo watu hawa, akawaza. Ukitaka kuwainua kidogo tu, wanakushika gauni. Binti kanuna chumbani. Mume kakinusa kipande cha kuoshea nywele, akauliza kama kinaliwa na chai. Kwa hiyo ni yeye peke yake anayejali kwenye nyumba nzima? Akasonya, akajitwisha kiroba, akaenda kukibwaga nyuma ya nyumba, ukingoni mwa mtaro. "Gari la taka litapita," akasema.

Gari la taka, jamani! Nyie wenyewe mnajua linavyopita.

Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. "Nyumbani kwangu sasa hakuna taka!" Akapigiwa vigelegele, na kusema kweli alivifurahia.

Wiki hiyohiyo mvua ikanyesha, ile ya kugonga bati mpaka hamsikilizani. Bondeni, mtaro unakoelekea, alikaa mjane mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi na kusomesha watoto wake kwa hayo maandazi. Kalavati la mbele ya nyumba yake likaziba, maji yakapanda, yakaingia ndani. Habari zikamfikia yule mama. Na moyo mzuri anao, msinielewe vibaya. Akachukua ndoo, akachukua fagio, akatia na kipande kipya cha sabuni mfukoni amzawadie jirani, akateremka mbio.

Akamkuta mjane amesimama kwenye maji, anautazama mfuko wake wa ngano. Umelowa wote. Na juu ya ule unga, na kwenye miguu ya meza, na kwenye magodoro ya watoto, kumejaa povu. Povu jeupe, zito, la kuogea.

"Jirani, pole jamani! Pole sana!"

"Nishapoa, shoga. Lakini maji ya mafuriko mimi nayajua, yananuka. Haya ya leo yananukia maua. Nimekaa namuuliza Mungu, ndiyo nini hii?" Akainama, akaokota kitu pembeni. "Ona, hii nimeichomoa kwenye kalavati. Mtu kaifunga mdomo kwa kanga, vizuri kabisa, halafu kaja kunitupia mimi."

Yule mama akaitazama ile chupa ya kijani. Mkono alikuwa ameshautia mfukoni, umeishika ile sabuni isiyoacha taka. Ukabaki hukohuko.

Sasa asitoke mtu hapa akasema mchungaji anapinga sabuni za vipande. Mimi mwenyewe naogea hizo, na ni nzuri, na laiti mngezitumia wote tusingekuwa tunazibua mtaro huu kila masika. Sabuni haina kosa. Wenye kosa ni sisi, na kwa kweli mmenichosha, na mimi mwenyewe najichosha.

Maana tunaokokaje sisi? Tunaokoka kwa kutupa! Kijana anakuja hapa mbele analia, anasema nimeanza maisha mapya. Amina. Na yule mtoto uliyezaa kabla hujaanza hayo mapya? "Ah, mchungaji, hayo ni ya kale." Ya kale wakati mtoto ana njaa ya leo? Dada unasema Bwana amenisamehe, nimeutua mzigo. Umeutua wapi? Yule uliyemchafulia jina mtaa mzima ameshasikia kwamba umesamehewa, au bado anatembea kainamisha kichwa?

Yule bibi aliuliza swali dogo tu, akaonekana msumbufu. Inakwenda wapi? Inakwenda bondeni, ndugu zangu. Na bondeni kuna mtu anaishi.

Kwa hiyo leo sitaki ushuhuda. Kaeni chini, nyote. Wiki hii chukua fagio lako, teremka bondeni, simama mbele ya huyo mtu na unga wake uliolowa, useme, "Ile chupa ni yangu." Ukishasema, ndipo urudi hapa mbele, nasi tutakupigia vigelegele.