Chande, Kijiko na Mbio za Fisi

Ngano!
Ije!
Ije na nini?
Na utamu wake!
Isipokuja?
Tunakwenda zetu kulala!

Kaeni, leo hamlali. Wengine husimulia, mimi ninapika kabisa, nanyi mtaramba vidole.

Palikuwa na mama mmoja Pimbi, mdogo kama kikapu cha mayai, aliyekaa juu kabisa ya jabali. Alikuwa na mtoto, Chande, ndiyo kwanza ameota meno ya mbele. Chini bondeni alikaa Fisi. Kila Pimbi akipakua uji wa mtoto, Fisi huyo, pu-pu-pu-pu, ameshafika.

"Hodi, Mama Chande! Mjomba nimekuja kumlisha mtoto."

"Karibu, Kaka Fisi."

Angesema nini? Jino moja la Fisi lilikuwa refu kuliko pua ya Pimbi. Fisi akampakata Chande, akalivuta bakuli.

"Ngoja mjomba nionje, usije ukamwunguza." Lap! "Bado wa moto." Lap! "Bado kidogo." Lap! Lap! Lap! Bakuli tupu. "Haya, sasa umepoa!"

Chande akalala na njaa. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Shingo ya mtoto ikawa kama bua la mtama, hata kilio chake kikawa chembamba. Pimbi akaona, nikiendelea kukaribisha wageni hivi, nitazika.

Akachonga kijiko cha mti, mpini mfupi wa kutosha kiganja cha mtoto. Akachonga na cha pili, akakificha. Akakoroga uji mzito, ule wa kunata, usiomwagika ovyo. Halafu akateleka sufuria kubwa ya mawe. Ndiyo, mawe! Juu yake akatupia mfupa mmoja mkavu, upate kunukia.

Fisi alipofika, pua ikamcheza.

"Mama Chande, humo mna nini?"

"Makongoro, kaka. Ya mwalimu."

"Mwalimu gani tena?"

"Kwetu, mtoto akiweza kujilisha mwenyewe, aliyemfundisha hupewa sufuria nzima. Nilitaka kumwita Nguchiro..."

"Nguchiro anajua nini, mkia mtupu yule! Mwalimu mimi hapa!"

"Haya. Ila mwalimu haonji uji. Na kijiko kikianguka, mwalimu hukiokota, akakioshe mtoni. Mtoto akila mchanga akaumwa tumbo, makongoro hakuna."

"Hilo tu? Rahisi!"

Rahisi! Mnamsikia? Huyo hajalea. Chande akashika kijiko, akakitia sikioni. Akajipiga nacho kipajini. Akakitazama. Akakiachia.

Kong'! Kilili-kilili-kilili... chubwi! Jabali zima, mpaka mtoni.

Fisi huyo, pu-pu-pu-pu, akashuka. Huku nyuma Pimbi akatoa kijiko cha pili upindoni mwa kanga, akaushika mkono wa mwanawe, wakachota pamoja.

"Polepole, baba. Geuza mkono. Am! Tena. Am!"

Fisi akarudi anahema. "Amekula?"

"Bado anajifunza, kaka."

Chande alipomwona Fisi na kijiko chake, akacheka. Akakipokea kwa mikono miwili. Kong'! Kilili-kilili-kilili... chubwi!

"Mtoto gani huyu, jamani!"

"Mvumilie, mwalimu. Sufuria inachemka."

Ikawa ndiyo kazi. Fisi kushuka, Fisi kupanda. Mashavu ya Chande yakajaa, mbavu za Fisi zikajitokeza. Hata asubuhi moja Chande akachota mwenyewe, akageuza mkono mwenyewe, akala mwenyewe. Nusu iliingia puani, lakini am!

"Amekula!" Fisi akaruka juu. "Makongoro yangu!"

Pimbi akapiga hesabu. Fisi akifunua akute mawe, leo wataliwa pimbi wawili, mama na mwana. Na mkono wa Fisi umeshashika mfuniko.

"Kaka," akasema, "mwalimu mzima ule kwa mkono mbele ya mwanafunzi wako?"

Fisi akaona haya. "Mjomba Chande, hebu niazime kijiko."

Chande akamtazama Fisi. Akakitazama kijiko.

Kong'! Kilili-kilili-kilili...

Miguu ya Fisi haikungoja akili. Pu-pu-pu-pu, hata chubwi haijasikika, yeye yuko nusu ya jabali.

Pimbi akayamwaga mawe nyuma ya nyumba, gudu-gudu-gudu, akaitazamisha sufuria juani, akakaa anachokonoa meno kwa kijiti.

"Makongoro yako wapi?" Fisi akauliza, kijiko mkononi kinametameta.

"Yamekwisha, kaka. Ndugu zangu wamepita, unawajua pimbi tulivyo wengi. Na wewe umekawia! Ulikuwa unaosha kijiko au unaoga?"

"Na uji wa mtoto?"

"Mtoto anajilisha sasa. Si umemfundisha mwenyewe?"

Fisi akashuka taratibu, tumbo limeshikana na mgongo. Lakini njia nzima anamtambia kila anayekutana naye: "Yule Chande mnayemsikia, nimemfundisha mimi!"

Fundisho lake, watoto: msitupe vijiko. Mtoto mtupa vijiko hulala na njaa. Na mgeni akija kuwasaidia kula, mpeni bakuli lote, mkae kwa adabu.

Ngano imenawa mikono. Mwenye tamu kuliko hii na ailete, nimkosoe.