Kiboko Aliyelifunika Bwawa

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa chungu cha mahindi, chungu kina kifuniko, kifuniko kinatoka jasho. Nani kakitia jasho?

—Hatujui, bibi! Tuambie!

Mtajua. Sogeeni, ila wewe Mwanakheri usikisogelee chungu.

Hapo zamani za kale, Kiboko alikuwa mkuu wa mabwawa yote ya bondeni. Alikuwa na mke, Mama Tipwa, na mtoto mmoja tu, Tipwa, ambaye ngozi yake haikuvumilia ukavu hata kidogo.

Kila asubuhi Kiboko alipima bwawa kwa kijiti alichokichomeka topeni. Leo maji yamekifunika kijiti. Kesho yake yako katikati. Keshokutwa yako chini kabisa. Kiboko akafura kwa hasira.

"Mwizi ni Jua! Mchana kutwa ameyainamia maji yangu. Hata hodi habishi!"

Akaamuru mabwawa yote yafunikwe. Wanyama wakakata matete, wakasuka, wakafunika, hata tone lisionekane. Kiboko akajipiga kifua: "Sasa tuone!"

Wakaona. Mvua haikuja. Kijito kilichoteremka kutoka mlimani kikakauka. Ardhi ikayanywa maji kwa chini, wanyama wakayanywa kwa juu, bwawa likazidi kupungua. Ngozi ya Tipwa ikapasuka, ikatoka damu. "Mama, naungua!" Kilio cha mtoto, jamani, hakifunikwi kwa matete.

Mama Tipwa akamwendea Jua.

"Shikamoo, Jua. Maji yetu umeyaficha wapi?"

"Marahaba. Mimi sifichi. Nayapasha moto yanakuwa mvuke, mwepesi, hata kwa macho huuoni. Muulize Upepo."

Akamwendea Upepo.

"Shikamoo, Upepo. Maji yetu umeyaficha wapi?"

"Marahaba. Mimi sifichi. Naubeba mvuke, naupandisha juu. Muulize Mlima."

Akamwendea Mlima.

"Shikamoo, Mlima. Maji yetu umeyaficha wapi?"

"Marahaba. Mimi sifichi. Huku kichwani kwangu kuna baridi. Mvuke ukifika unapoa, unakuwa vitone vidogo. Vikikusanyika, hilo ndilo wingu. Vikiungana vikawa vizito, vinaanguka. Hiyo ndiyo mvua yenu, na ndicho kijito chenu. Lakini tangu mfunike mabwawa, Upepo anakuja mikono mitupu."

Mama Tipwa akarudi mbio.

"Baba Tipwa, funua!"

"Nifunue? Jua atamaliza hata haya yaliyobaki! Utatuua!"

"Kwani sasa tunaishi?"

Akang'ata matete, akavuta. Akang'ata, akavuta. Akang'ata, akavuta, bwawa likawa wazi. Wanyama wengine wakamwiga, bwawa kwa bwawa, bonde zima.

Jua akainama. Maji yakashuka, yakawafika tumboni. Yakashuka, yakawafika magotini. Yakashuka, yakawafika vidoleni. Kiboko, mkuu mzima, akamkumbatia Tipwa akalia mbele ya wote. "Mwanangu anakufa!" Mama Tipwa hakulia. Alikuwa anautazama mlima.

Mlima ulikuwa umejifunga kilemba. Cheupe kwanza, kisha cha kijivu, kisha cheusi tii. Tone likamwangukia Tipwa mgongoni. La pili. La tatu. Kisha nani angeyahesabu? Mvua ikashuka, kijito kikashuka nayo, kile kijiti cha kupimia kikazama kisionekane tena. Tipwa akapiga mbizi, akaibuka anacheka.

Kiboko akapaza sauti: "Ewe Jua, nisamehe, nilikuita mwizi!" Jua alikuwa nyuma ya mawingu, akajifanya hasikii. Ikabidi Kiboko arudie kesho yake, tena kwa sauti kubwa zaidi, bonde zima likisikia.

Basi, wajukuu zangu, kinachokwenda ili kirudi usikizuie njiani. Ukikizuia, umejinyima mwenyewe.

Haya, kifuniko nani kakitia jasho?

—Moto umepandisha mvuke, kifuniko kimeupoza!

Ndiyo hivyo! Hadithi yangu imeiva pamoja na mahindi. Aliyesikiliza ale, aliyesinzia akaoshe chungu.